Anguko Lisilo na Mwenyewe: Upakuaji wa Vifaa vya Ujenzi Kampala

Anapotajwa mtu aliyeanguka katika eneo la ujenzi, fikra za wengi huelekea kwenye jengo lenyewe: jukwaa la miti ya mikaratusi lililopigwa misumari, ukingo wa ghorofa ambao bado haujajengewa ukuta, tundu la lifti, paa linaloezekwa. Fikra hizo zina msingi, lakini zinaacha nje hatua ya kazi inayotangulia yote hayo. Hakuna mfuko wa saruji, nondo wala ubao unaofika kwenye jengo bila kwanza kushushwa garini, na katika sehemu kubwa ya jiji la Kampala kazi hiyo ya kushusha hufanywa kwa mikono, na watu waliosimama juu ya bodi ya lori isiyo na kizuizi cha pembeni, au juu ya shehena yenyewe, ambayo inapungua na kubadilika umbo chini ya miguu yao kadiri kazi inavyoendelea. Uchambuzi huu unahusu hatari ya kuanguka katika hatua hiyo, na hoja yake kuu ni kwamba anguko la kutoka garini limebaki kuwa ajali isiyo na mwenyewe: mwenye jengo huihesabu kuwa ya mwenye lori, mwenye lori huihesabu kuwa ya vibarua, na vibarua huihesabu kuwa bahati mbaya.

Kwanza ni suala la urefu, kwa sababu ndiko dharau inakoanzia. Bodi ya lori la kawaida la kubebea vifaa huwa kati ya mita 1 na mita 1.5 kutoka ardhini, na mtu aliyesimama pale haonekani kuwa juu. Shehena ikiongezwa, hali ni nyingine, kwani aliye juu ya rundo la mbao au la mifuko ya saruji iliyopangwa anaweza kuwa na nyayo zake mita 3 kutoka ardhini, sawa na urefu wa ghorofa moja. Mwili unaoanguka kutoka mita 1.5 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, na kutoka mita 3 kwa karibu kilomita 28 kwa saa, huku safari yote ikichukua kati ya nusu sekunde na robo tatu ya sekunde. Muda huo haumtoshi mtu kujigeuza ili atue kwa miguu, na anayeteleza akiwa anarudi kinyumenyume, jambo la kawaida kwa anayevuta bati au nondo, hutangulia kwa mgongo au kisogo. Anachoangukia nacho si ardhi tupu: mara nyingi ni matofali yaliyokwisha kushushwa, ncha za nondo, mawe ya msingi au ukingo wa lango la nyuma la lori lililofunguliwa. Kwa hiyo urefu wa mita moja na nusu, ambao watu wengi wangeuruka kwa hiari yao bila kufikiri, unatosha kabisa kuvunja shingo ya mtu ambaye hakuchagua kuuruka.

Aina ya anguko hutegemea kile kinachopakuliwa. Saruji, inayoletwa Kampala kutoka viwanda vya Tororo upande wa mashariki na Hima upande wa magharibi, huja katika mifuko ya kilo 50, na lori la tani 10 hubeba mifuko 200 ya namna hiyo. Mtu mmoja husimama juu ya bodi akiwatwika wenzake, na hao hushuka kwa ubao mwembamba ulioegemezwa kwenye bodi au hupokelea mzigo chini kwa kichwa na mabega. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mtu mzima, na kwa kipimo hicho mfuko wa saruji unakubalika kwa tofauti ndogo. Lakini uzito ni nusu tu ya jambo. Mzigo ulio kichwani hupandisha kitovu cha uzito wa mwili, humzuia mbebaji kuitazama miguu yake, na humnyima mikono ya kujishikia, huku vumbi la saruji likiufanya ubao uteleze hata siku ya jua. Aliye juu ya bodi naye yuko katika hatari ya namna yake, kwa kuwa kila anapomtwika mwenzake huinama kuelekea ukingoni, na mfuko ukichanika mikononi mwake uzito aliokuwa akiuegemea hutoweka ghafla, naye huufuata mkono wake hadi chini.

Nondo ni tatizo jingine. Huuzwa kwa kawaida zikiwa na urefu wa mita 12, ndefu kuliko bodi za malori mengi yanayozibeba, hivyo hukunjwa au huachwa zikining'inia nyuma. Zinapofunguliwa, chuma kilichokuwa kimebanwa hutaka kurudi katika unyoofu wake, na fungu moja likijifyatua linaweza kumpiga aliye juu na kumtupa nje ya bodi kabla hajajua lililotokea. Mbao kutoka Ndeeba, ambako ndiko soko kubwa la mbao la jiji, hupangwa juu kupita kingo za bodi na kufungwa kwa kamba. Hatari yake kubwa iko katika dakika ya kufungua kamba hiyo, kwa sababu safari imekwisha kuzisogeza mbao na kuziegemeza upande mmoja, na kamba ndiyo pekee inayozizuia. Yule anayepanda juu ili aifungue husimama juu ya kitu kile kile anachokiachilia. Kwenye mabati huongezeka hatari ya upepo, ambao hulishika bati pana na kumsukuma aliyelishika, naye kwa kutotaka lipinde au likwaruzike hukataa kuliachia.

Mchanga unaochimbwa Lwera, katika wilaya ya Kalungu kando ya barabara ya Masaka, na kokoto kutoka machimbo ya viunga vya jiji, huonekana kuwa salama zaidi, kwa sababu tipa huinua bodi yake na mzigo ukajimwaga wenyewe. Usalama huo ni wa kweli maadamu mchanga ni mkavu. Mchanga uliolowa hung'ang'ania bodi, na hapo utingo, yaani msaidizi wa dereva, hupanda kwa koleo ili aubandue wakati bodi ikiwa imeinuliwa. Mchanga unapoachia, huondoka wote kwa pamoja na kumchukua. Hakuna kazi katika upakuaji mzima iliyo rahisi zaidi kuiacha kuliko hii, kwani dereva anaweza kuishusha bodi kabla ya mtu kupanda, na gharama yake ni dakika chache tu.

Umbo la Kampala lenyewe lina sehemu katika hatari hii. Jiji limejengwa juu ya vilima vyenye udongo mwekundu, na viwanja vingi vinavyojengwa sasa viko kwenye miteremko ya vilima hivyo au katika mabonde yaliyo katikati yake. Lori likisimama kwenye mteremko, bodi huinama, na mzigo uliopangwa wima huanza kutaka kuelekea upande wa chini. Lori lililoegeshwa kwa breki peke yake, bila kabari nyuma ya magurudumu, linaweza kusogea wakati uzito unapohama. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba huugeuza udongo huo kuwa tope linaloganda kwenye nyayo, kisha mtu mwenye kandambili au viatu vya plastiki hupanda kwenye bodi ya chuma akiwa na tope hilo miguuni. Kupanda kwenyewe hufanywa kwa kukanyaga tairi na kushika ukingo wa bodi, kwa kuwa malori mengi hayana ngazi, na kushuka hufanywa kwa kuruka. Viwanja vya katikati ya jiji vina ufinyu wao. Lori hulazimika kusimama kandokando ya barabara, au kuja usiku ambapo msongamano umepungua, na kazi ikafanyika kwa mwanga wa taa za gari au wa simu, huku nyaya za umeme zikipita juu ya kichwa cha yule aliye kileleni mwa shehena.

Hata hivyo, mteremko, tope na kamba havielezi kwa nini hatari hii inadumu, ilhali kila anayeishi jijini anaviona. Maelezo yako katika namna kazi inavyopatikana na kulipwa. Wapakuaji wengi si waajiriwa wa mkandarasi. Wako waliokuja na lori kutoka dukani au machimboni, wakiwa wamesafiri juu ya mzigo. Wako wanaosubiri karibu na maduka ya vifaa na kuitwa lori linapojaa. Na wako vibarua wa eneo la ujenzi wanaoacha kazi waliyokuwa wakiifanya ili wapakue kwa malipo ya ziada. Malipo kwa kawaida ni ya kipande, yaani kwa mfuko au kwa lori zima, na dereva naye anahesabu safari atakazofanya siku hiyo. Mpango wa namna hiyo huadhibu kila hatua ya usalama. Anayetafuta ngazi, anayesubiri mvua ipite, anayeomba lori lisogezwe hadi mahali tambarare, anajipunguzia ujira wake na wa wenzake wote. Ni kosa basi kusema, kama wasimamizi wengi wanavyosema, kwamba vibarua hawajali maisha yao. Wanafanya kazi kwa kasi ambayo bei waliyopewa inaidai, na bei hiyo hawakuiweka wao.

Upungufu wa kumbukumbu huificha hali hiyo. Lubega, Kiggundu na Tindiwensi, katika utafiti wao wa mwaka 2000 kuhusu visababishi vya ajali katika sekta ya ujenzi ya Uganda, walitaja kutofahamu kanuni za usalama, udhaifu wa usimamizi wa kanuni hizo na kutothaminiwa kwa usalama miongoni mwa wanaohusika na miradi. Irumba, katika makala ya mwaka 2014 iliyochambua mtawanyiko wa ajali za ujenzi ndani ya Kampala, aliangalia visababishi kama kugongwa na mashine, magari na zana, kuangukiwa na vitu, na kuanguka kutoka juu. Kazi hizo ni za thamani, ila mgawanyo wa namna hiyo, unaotumika katika nchi nyingi, hauipi ajali ya upakuaji makazi maalumu. Kibarua aliyepigwa na nondo akaanguka kutoka kwenye bodi anaweza kuingizwa katika fungu lolote kati ya hayo matatu. Lori likiwa barabarani nje ya uzio, tukio linaweza kuandikwa kuwa la barabarani, na kama kibarua alikuja na lori, mkandarasi hataliandika kabisa, kwa kuwa jina la mtu huyo halimo katika daftari lake. Hesabu isiyoonyesha tatizo haiwezi kumsukuma mtu kulitatua, na hili linahitaji kurekebishwa na wale wanaotengeneza fomu za taarifa za ajali kabla hata ya kufikiriwa adhabu.

Kwa upande wa sheria, Uganda haina sababu ya kuona haya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inalitafsiri eneo la kazi kwa upana mkubwa, ikihesabu maeneo ya muda kama ya ujenzi, maeneo ya wazi kama barabara, na hata maeneo ya kazi yanayotembea, kama vile kibanda cha dereva wa lori. Inamtaka mwajiri achukue, kwa gharama zake mwenyewe na kadiri inavyowezekana, hatua zote za kuwalinda wafanyakazi wake pamoja na umma dhidi ya hatari za shughuli yake. Maneno hayo mawili, wafanyakazi na umma, yanamfunga mkandarasi hata kwa kibarua aliyeletwa na lori la mtu mwingine, kwa sababu mtu huyo asipokuwa wa kundi la kwanza ni wa kundi la pili. Ukilinganisha na kwingineko, upana huo ni wa maana. Nchini Marekani, kanuni za kuzuia anguko katika ujenzi, zinazodai kinga kuanzia urefu wa futi 6, yaani takriban mita 1.8, huyaondoa waziwazi magari na matela katika tafsiri ya sehemu za kutembea na kufanyia kazi, pale mfanyakazi anapolazimika kuwa juu yake ili atimize wajibu wake. Uingereza ilikwenda njia nyingine: Kanuni za Kazi za Urefuni za mwaka 2005 ziliachana na kipimo cha mita 2 kilichokuwa kikitumika katika ujenzi, na sasa urefu wowote ambao anguko lake linaweza kumuumiza mtu unahesabiwa. Sheria ya Uganda inasomeka vizuri zaidi ikisomwa kwa mtazamo huu wa pili, na wakaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, hawahitaji kusubiri sheria mpya ili wasimame mbele ya lori linalopakuliwa na kuuliza maswali.

Kuhusu kinga, wengi hukimbilia vifaa vya mwilini, na mkanda wa usalama hutajwa kwanza. Kwa kazi ya upakuaji mkanda huo una faida ndogo. Mkanda wenye kamba ya mita 2 na kifyonza mshtuko huhitaji nafasi ya takriban mita 6 chini ya mahali ulipofungwa kabla haujamsimamisha mtu salama, na aliye juu ya bodi ya mita 1.5 atakuwa amekwisha kufika ardhini kamba ikiwa bado imelegea. Tena juu ya kichwa chake hakuna mahali pa kuifunga kamba hiyo. Kofia ngumu na viatu vyenye nyayo zinazoshika ni lazima, na sheria inamtaka mwajiri avitoe bila malipo, lakini vyote viwili hupunguza madhara bila kuliondoa anguko lenyewe.

Dawa iliyo bora zaidi ni kumwondoa mtu juu ya lori au kuondoa tofauti ya urefu kati ya lori na ardhi. Katika miradi mikubwa yenye winchi au kreni, nondo zinaweza kuagizwa zikiwa zimefungwa mafungu, na kila fungu likainuliwa huku watu wote wakiwa chini na mbali. Katika miradi midogo, ambayo ndiyo mingi, mteremko ule ule unaoleta hatari unaweza kutumika vizuri: kiwanja kinapokatwa ngazi kwa ajili ya msingi, ngazi moja inaweza kuachwa ikiwa na kimo cha bodi ya lori, ukingo wake ukashikiliwa kwa mawe au magogo, na lori likarudi nyuma hadi kuigusa. Mbebaji hutoka bodini kwenda ardhini kwa hatua moja, bila ubao wa kushukia. Mahali palipo tambarare, jukwaa la kupakulia lenye mihimili ya kushikia pembeni laweza kujengwa kwa miti ya mikaratusi na mbao zilizomo tayari katika eneo, na mafundi wale wale wanaofunga majukwaa ya kuta. Hili si jambo la utaalamu wa kigeni. Gharama yake ni nusu siku ya mafundi wawili na mbao ambazo baadaye zitatumika kwenye kalibu za zege.

Pale ambapo hata hilo haliwezekani, zinabaki hatua za mpangilio: lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe, funguo ziwe kwa msimamizi na magurudumu yatiwe kabari, kamba zifunguliwe na mtu aliye ardhini, upande usioelemewa na mzigo, kupanda na kushuka kuwe kwa ngazi iliyofungwa, mzigo upunguzwe kutoka juu kwa tabaka, wala si kwa kuchimba upande mmoja, na mvua inaponyesha kazi isimame. Sharti la mwisho halitekelezeki malipo yakibaki ya kipande pasipo fidia ya muda wa kusubiri, na mkandarasi anayetaka litekelezwe kwa dhati ataliandika katika bei.

Anguko likitokea, saa ya kwanza ina uzito wake. Mtu aliyeangukia mgongo au kichwa hatakiwi kuinuliwa kwa mikono na miguu na kupakiwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, ingawa ndiyo njia ya haraka kuliko zote kufika Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago, kwa kuwa mfupa wa uti wa mgongo uliovunjika unaweza kuikata neva katika safari hiyo. Ubao mpana, shingo iliyotulizwa na gari lenye nafasi ya kumlaza mtu ni vitu vya kuandaliwa kabla ya lori la kwanza kuingia.

Kuhusu haki baada ya ajali, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inatamka kwamba fidia hulipwa hata kama ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe, na kwa kifo imeweka kiasi cha mapato ya miezi 60 kwa wategemezi wake. Kauli ya kwanza inaondoa kabisa udhuru unaosikika mara kwa mara, kwamba marehemu aliruka au alikataa kuvaa kofia. Ya pili hukwama kwenye ushahidi, kwa sababu mtu aliyelipwa kwa lori, leo hapa na kesho pale, hana karatasi inayoonyesha mapato ya mwezi wala mwajiri anayekubali kuwa ndiye. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinataka kibarua aliyefanya kazi kwa miezi minne mfululizo apewe mkataba wa maandishi, lakini mpakuaji anayehama na malori hafikishi miezi minne kwa mtu mmoja, hata kama amefanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Daftari la upakuaji, lenye jina la kila aliyepanda kwenye lori, tarehe na malipo yake, lingetatua sehemu kubwa ya ugumu huo, na mkandarasi anayehifadhi hati za kupokelea mifuko ya saruji hakosi uwezo wa kuandika majina ya walioishusha.

Kinachobaki ni kumtaja mwenye wajibu mapema, kabla ya kazi kuanza. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 imeziweka kamati za majengo na Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, na hakuna anayeruhusiwa kujenga bila kibali. Michoro inayowasilishwa kwa ajili ya kibali huonyesha nguzo, ngazi na vyoo. Ionyeshe pia lori litasimama wapi, litapakuliwa kwa njia gani na nani atasimamia, na kamati za Kampala zikatae michoro isiyo na maelezo hayo.